Kurekodi dramu kwa maiki tatu hapa Tabora, tubishane kidogo

Mwezi uliopita kwaya moja ya hapa Isevya ilikuja kurekodi nyimbo sita, na kabla hata sijafungua stendi mwenyekiti wao akaniuliza maiki za dramu ziko ngapi, nikamwambia tatu, ikizidi sana nne, akamwangalia katibu wake, katibu akaangalia chini. Kumbe walishaambiwa Mwanza kuna studio inaweka nane. Toka siku hiyo mimi na jamaa yangu mmoja, fundi mitambo wa kanisa jingine huko Ng'ambo, hatulali. Yeye anasema maiki tatu ni kumla mteja hela, mi nasema nane kwenye chumba changu ndo kumla mteja hela, na kusema ukweli nikikaa peke yangu naona ana hoja nyingi kuliko ninavyomkubalia tukiwa wote.

Hizo nane zinaendaje: moja ndani ya kiki (ile ngoma kubwa ya mguu), mbili kwenye sneya (ile ngoma ya katikati inayolia kwa ukali) juu na chini, tatu kwenye tomu zote tatu (ngoma za kuzungushia), na mbili juu kabisa kwa ajili ya simbali, zile sahani za chuma. Haihati, zile simbali mbili za kugonganisha kwa mguu, wengine wanaipa maiki ya kwake, basi zinafika tisa. Sasa hapo uwe na intafesi (kile kiboksi cha kuingizia maiki kwenye kompyuta) ya matundu nane, na wengi wetu huku tunayo ile ya matundu mawili, au umejibana ukapata ya manne. Lakini hela tuiweke pembeni kwanza maana watu wakisikia maiki chache wanadhani stori yote ni njaa, na sio.

Njia ninayotumia mi wanaiita ya Glyn Johns, yule fundi wa Uingereza aliyerekodi albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Led Zeppelin pale studio ya Olympic, London, mwaka 1968. Maiki moja iko kwenye kiki, ya pili iko juu ya sneya kama mita moja hivi, ya tatu iko pembeni ya flotomu (ile tomu kubwa inayosimama chini) inatazama upande wa haihati, na hizo mbili za mwisho LAZIMA ziwe umbali sawasawa toka katikati ya sneya. Yeye akiona inafaa aliongeza ya nne kwenye sneya. Mi sina futi, napima kwa waya wa maiki wenyewe, nashika ncha moja kwenye sneya nanyoosha mpaka maiki ya kwanza, nabana kwa kidole, nahamia ya pili.

Kwanini umbali sawa? Sauti inatembea karibu mita 343 kwa sekunde, kwahiyo sentimita 34 tu ni milisekunde moja. Inaonekana kitu kidogo ila fikiria maiki moja iko mbali na sneya kuliko mwenzake kwa sentimita 85, sauti ile ile inafika imechelewa milisekunde mbili na nusu, na hapo ukizichanganya, eneo la 200 Hz (mitikisiko 200 kwa sekunde) moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zinamezana. Na 200 Hz ndo kifua cha sneya! Nimefanya hilo kosa mwenyewe, wimbo wa pili wa kwaya hiyo hiyo, kijana alisogeza stendi akipita kwenda kunywa maji na mi sikupima tena, jioni nasikiliza nakuta sneya inalia kama kopo la maziwa. Nikageuza fezi, yaani wimbi la maiki moja nikalipindua juu chini, nikavutavuta treki (sauti ya kila maiki peke yake) kwenye kompyuta, ikarudi rudi kidogo ila haikuwa ile.

Na hapo ndo hoja yangu kubwa ilipo. Maiki tatu zina jozi tatu za kugombana. Nane zina jozi 28, hesabu mwenyewe. Kila maiki kwenye dramu inasikia dramu zote, hata ile ya flotomu inaisikia sneya, ila imechelewa na imechafuka, na ile ya chini ya sneya ngozi inaifuata wakati ya juu ngozi inaikimbia kwahiyo usipoigeuza fezi umeua sneya kwa mikono yako. Studio kubwa zina vyumba na watu wa kukaa masaa manne kurekebisha hizo jozi kabla hawajabonyeza kurekodi. Sisi kwaya inakuja saa tatu asubuhi na saa nane wanataka kwenda kupika.

Sasa zamu ya jamaa yangu, na hapa naomba nimtendee haki.

Anasema nyie mnaotaja Led Zeppelin mnamsahau aliyekuwa amekaa kwenye kiti. Alikuwa John Bonham, mpiga dramu wao. Mtu yule uwiano wa sauti alikuwa nao mikononi, kiki kubwa, sneya kubwa, simbali anazipiga kwa kiasi, na chumba chenyewe ni kikubwa dari liko mbali huko. Ukiweka maiki tatu maana yake umemkabidhi mpigaji kazi ya kumiksi. Akipiga vizuri umemaliza, akipiga vibaya na we umekwisha, huwezi kusema ngoja nipandishe sneya peke yake maana sneya na krashi (simbali ya kupasua) ziko kwenye treki moja zimekumbatiana. Na vijana wetu wa kanisani, tuwe wakweli, amejifunza kwa kumwangalia mwenzake kwenye ibada ambayo ina spika nne na watu mia tatu wanaimba, kwahiyo kazoea kupasua simbali ndo asikike. Mlete huyo mbele ya maiki mbili za juu, utapata shiiiii mwanzo wa wimbo mpaka mwisho.

Hili sina jibu lake. Nimejaribu kumwambia mpigaji apunguze mkono wa kulia, anapunguza mistari miwili, pambio likichanganya anarudi kule kule.

La pili analosema ni chumba, nalo lina uzito. Maiki iliyo karibu na ngoma inasikia ngoma zaidi, iliyo mbali inasikia na nyumba. Dari langu liko mita mbili na nusu kasoro kidogo, ukiweka maiki mita moja juu ya sneya basi sauti inagonga dari inarudi kwenye maiki ile ile ndani ya milisekunde kama tano, inakuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Bodaboda ikipita barabarani imo. Na masika bati likianza kugongwa hapo funga kazi kabisa, hata hiyo moja ya kiki haikusaidii. Ndo maana hela ya kuongeza maiki mi niliinunulia magodoro nikayatundika darini juu ya dramu, na ngozi mpya ya sneya iliyoletwa na basi toka Dar, na nitabishana na yeyote kwamba hiyo ngozi ilibadilisha sauti kuliko maiki yoyote. Ngozi iliyochoka ukiiwekea maiki mbili umepata uchovu mara mbili.

Kuna hoja moja ya upande wangu mwenyewe ambayo siipendi. Wazee wakinisikia wanasema mbona Tabora Jazz na Nyanyembe, bendi za zamani za hapa, walirekodi kule RTD, redio ya taifa, bendi nzima inapiga kwa pamoja, hamna mambo ya kumwekea kila mtu maiki lukuki, na mpaka leo zinapigwa? Kweli zinapigwa. Ila zisikilize tena, sikiliza kiki iko wapi. Haipo mbele, magitaa ndo yamebeba wimbo na dramu iko nyuma inachunga mwendo, na muziki ule ulitaka hivyo. Mteja wangu wa leo atausikiliza wimbo kwenye sabufa ya sebuleni na kwenye simu, anataka kiki impige kifuani. Sasa ukimletea ushahidi wa RTD unamjibu swali ambalo hajauliza.

Kuna wanaosema yote haya ya nini, panga dramu kwenye kompyuta umalize. Sawa, ila kwaya ikiongeza mwendo kwenye pambio kompyuta haiongezi, na mpigaji wao atakaa nje anakula embe.

Kwahiyo nasimama wapi? Nimehama kidogo. Nilikuwa wa maiki tatu, sasa ni wa maiki nne: kiki, sneya, na zile mbili za kupima kwa waya. Ya sneya siipandishi sana, kazi yake ni bima, mpigaji akizidisha simbali nakuwa na sneya safi kidogo ya kuokolea, na ikishindikana kabisa naweza kubandika sneya nyingine juu yake kwa programu, na kiki vilevile maana ina treki yake. Tomu ndo nazipoteza, ziko mbali, hilo nakubali, kwaya yenye mpigaji wa kuzungusha tomu kila mwisho wa ubeti nitamwambia ukweli aende kwenye matundu nane. Na ukiwa na matundu mawili tu weka moja kiki na moja juu ya sneya, sahau kushoto na kulia, sabufa nyingi mtaani zenyewe zimewekwa spika zote kona moja juu ya kabati.

Jamaa yangu bado hajakubali. Jumamosi tunarekodi kwaya yake, dramu ile ile tutaipiga mara mbili, mara ya kwanza kwa nne zangu, mara ya pili kwa saba alizoazima sehemu pamoja na miksa yake, halafu mwenyekiti atasikilizishwa bila kuambiwa ipi ni ipi. Magodoro mengine mawili ya kuazima tumepata, la tatu mama mwenye nyumba kakataa, anasema lile la juzi lilirudi na tundu la msumari.