Udhaifu na Uwezo wa Jamii Mbele ya Maafa: Nani Apime, na Kipimo Kimfunge Nani?

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti, na tarehe 27 Februari mwaka huohuo jingine lenye ukubwa wa 8.8 likaipiga Chile. La pili lilitoa nishati mara mia kadhaa zaidi ya la kwanza, lakini waliokufa Chile walikuwa takriban 525, ilhali kwa Haiti hata makadirio ya chini ni ya makumi ya maelfu, na serikali yake ilitaja zaidi ya 200,000. Ulinganisho huu hutajwa mara nyingi bila tahadhari, kwani kitovu cha tetemeko la Haiti hakikuwa na kina kirefu na kilikuwa karibu sana na mji mkuu wa Port-au-Prince. Hata hivyo, tukishaiweka kando tofauti hiyo, bado linabaki pengo lisiloelezeka kwa jiolojia peke yake: Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizoimarishwa na kusimamiwa kwa miongo kadhaa, na Haiti haikuwa na usimamizi wa namna hiyo. Tathmini ya udhaifu na uwezo wa jamii hukusudia kuliona pengo kama hilo kabla maafa hayajafika.

Tathmini hii ilianza kupata umbo tunalolijua miaka ya 1980, pale Mary Anderson na Peter Woodrow, wakifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Harvard, walipopendekeza jamii itazamwe kwa pande tatu: mali na vitu ilivyonavyo, mahusiano na taasisi zake, pamoja na mtazamo na ari ya watu wake. Katika kila upande hutafutwa udhaifu na uwezo kwa pamoja, kwa kuwa kaya moja yaweza kuwa na vyote viwili: nyumba iliyojengwa bondeni mwa mto, na ndani yake mtu anayejua kusoma dalili za mafuriko kuliko mtaalamu yeyote. Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu liliisambaza mbinu ya aina hii katika nchi nyingi, na zana zake ni nyepesi: ramani ya hatari inayochorwa na wakazi wenyewe, kalenda ya misimu, matembezi ya kulikagua eneo, na masimulizi ya matukio ya zamani.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Kisiwa cha Simeulue, nchini Indonesia, kiko karibu sana na kitovu cha tetemeko la 26 Desemba 2004 lililozusha tsunami katika Bahari ya Hindi. Mkaguzi aliyekwenda huko na dodoso lake mwezi mmoja kabla angekiorodhesha miongoni mwa maeneo dhaifu kupita yote, kwa kuwa hakikuwa na mitambo ya tahadhari. Lakini wakazi wake, wapatao 78,000, walikuwa wamerithishana kwa masimulizi na nyimbo habari za wimbi la mwaka 1907, lililoitwa smong kwa lugha yao, na walijua kwamba ardhi ikitikisika kwa nguvu kisha bahari ikarudi nyuma, ni kukimbilia mlimani bila kungoja amri. Waliokufa kisiwani humo kwa wimbi la mwaka 2004 wanahesabiwa kuwa saba. Uwezo wa namna hii hauonekani kwenye takwimu za taifa. Huonekana kwa kuketi na watu na kuwauliza.

Mimi nakubaliana na hoja hiyo, ila si bila mipaka. Kumbukumbu ya Simeulue iliwafaa kwa sababu hatari iliyorudi ilifanana na ile ya kale. Jamii inayokabiliwa na joto au mvua za kiwango ambacho wazee wake hawajawahi kukiona haiwezi kutegemea masimulizi peke yake. Tena, neno "jamii" huficha mengi. Kimbunga kilichoipiga Bangladesh mwaka 1991 kiliua watu wapatao 140,000, na wanawake walikufa kwa wingi zaidi kuliko wanaume. Mkutano wa kijiji ambamo wanaume wazee ndio wanaozungumza waweza kutoa ramani nzuri ya hatari isiyosema lolote juu ya mama anayesubiri ruhusa ya mumewe ndipo aondoke nyumbani.

Pingamizi zito zaidi linahusu chanzo cha udhaifu wenyewe. Mwaka 1994 Piers Blaikie, Terry Cannon, Ian Davis na Ben Wisner walieleza kwamba hali ya hatari inayoonekana machoni, kama vile nyumba mbovu katika mteremko, ni mwisho wa mnyororo mrefu unaoanzia kwenye mgawanyo wa mamlaka na rasilimali, ukapitia ukuaji wa miji usio na mpango au uharibifu wa ardhi. Sasa tazama kinachotokea katika mkutano wa tathmini kijijini. Watu huorodhesha wanachoweza kukirekebisha wao wenyewe: mtaro ulioziba, kamba za uokoaji, kikundi cha huduma ya kwanza. Hakuna anayeandika kwamba wanaishi bondeni kwa sababu ardhi ya juu ina wenyewe, na hata akiandika, mwezeshaji hana pa kulipeleka. Hapo ndipo safu ya "uwezo" katika jedwali la tathmini inapogeuka kisingizio: jamii iliyosifiwa kwa ustahimilivu wake huachiwa mzigo ambao haikuutengeneza.

Je, basi kazi hii wakabidhiwe wataalamu? Mji wa Armero unatoa jibu lisilopendeza. Ramani ya hatari za volkano ya Nevado del Ruiz, nchini Colombia, ilichapishwa Oktoba 1985 na ilionyesha kwamba mji huo ulikuwa kwenye njia ya tope la volkano. Mlipuko ulitokea tarehe 13 Novemba, na zaidi ya watu 20,000 wakafa. Sayansi ilikuwa imesema. Waliokosekana ni wenye wajibu wa kuamua kwa wakati. Kwa hiyo mabishano kuhusu nani apime, mtaalamu au mwanakijiji, yanatupotezea muda mwingi kuliko yanavyostahili. Swali gumu zaidi ni kipimo kikishapatikana kinamfunga nani.

Bangladesh ilijibu swali hilo kwa sehemu. Baada ya kimbunga cha mwaka 1970 kilichoua watu wasiopungua 300,000, serikali na Msalaba Mwekundu walianzisha mpango wa tahadhari unaotegemea watu wa kujitolea, ambao leo ni zaidi ya 70,000, na nusu yao ni wanawake. Mkazi hupita nyumba kwa nyumba kutoa onyo. Dola hujenga makazi ya kujikingia na kuendesha huduma ya utabiri. Mwaka 1991 ulionyesha jinsi makazi hayo yalivyokuwa machache mno. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007, ambacho nacho kilikuwa kikali mno, kiliua watu wapatao 3,400. Idadi hiyo ni kubwa bado, lakini haikupungua kwa nguvu za wanakijiji peke yao, wala kwa saruji peke yake.

Kwa msingi huo, ningependa kila jedwali la tathmini liwe na safu ya ziada, inayotaja mamlaka yenye uwezo wa kukiondoa chanzo cha kila udhaifu, fungu la bajeti litakalotumika, na tarehe ambayo mamlaka hiyo itarudi mbele ya wakazi walewale kujibu. Watakuwapo watakaosema kwamba sharti hili litapunguza idadi ya tathmini, kwa kuwa maofisa wengi hawatakubali kuandikwa majina. Bila shaka zitapungua, na baadhi ya vijiji vitakosa hata ule mtaro uliozibuliwa. Hasara hiyo ni ya kweli, lakini naiona ndogo kuliko ya kuwaita watu mara ya tatu kueleza umaskini wao kwa wageni, ilhali majibu ya mara mbili za kwanza hayajawahi kusomwa na mwenye mamlaka juu ya ardhi wanayoishi.