Matokeo ya utafiti yarudi shehiani

Nimesoma habari kwamba serikali inataka kuongeza fedha za utafiti. Naunga mkono kwa moyo wote, lakini fedha ni nusu tu ya jambo. Umoja wa Afrika ulishakubaliana kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti, na nchi nyingi hazijafika huko. Mimi nauliza, utafiti ukishafanywa unakwenda wapi?

Mama yangu analima mwani huku Micheweni, Pemba. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, unakufa bahari ikipata joto. Watafiti wamekuja mara mbili, wamepima maji, wamemuuliza maswali mpaka maji yakaanza kujaa, wakaondoka. Hatujaletewa hata karatasi moja! Kumbe wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, hapo Unguja tu, walishajaribu kuupanda kwenye kina kirefu kwa nyavu. Hayo nimeyasoma kwa Kiingereza, na mama Kiingereza hakijui.

Sera iseme wazi: anayepewa kibali cha utafiti arudishe muhtasari wa Kiswahili kwa sheha, kiongozi wa serikali katika eneo letu, na kwa wakulima wenyewe. Na takwimu nakala yake ibaki SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, vijana wetu waifanyie kazi.