Shaba ya Kolwezi, mahindi ya Kamina

Hapa Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo (DRC), ukitaja Kasha la Taifa la Perekwasio, yaani la kusawazisha majimbo, jibu ni moja: "Tuchimbe sisi, wengine ndio wale?" Kifungu cha 181 cha Katiba ya 2006 kinalitengea kasha hilo asilimia 10 ya mapato ya taifa, ili majimbo yaliyoachwa nyuma yapate miradi.

Wanaolalamika ninawaelewa. Mashimo, vumbi na malori ya shaba viko kwetu. Hata baadhi ya wachumi wako upande wao: Kuznets, mwaka 1955, alidhani tofauti za kipato huongezeka nchi inapoanza kukua, halafu hupungua. Williamson aliona vivyo hivyo kati ya majimbo, 1965. Basi, wanasema, majimbo yetu ya shaba, Haut-Katanga na Lualaba, yatangulie, mengine yatafuata.

Lakini kufuata kunahitaji njia. Tazama bunga, unga wa mahindi. Bukari (ugali) tunayokula mjini inategemea sana mahindi ya Zambia. Zambia ikizuia mahindi yake kutoka wakati wa ukame, bei ya mfuko wa bunga inaruka katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na mshahara wa mgodini unaishia jikoni. Dola za shaba zinavuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kumlipa mkulima wa nchi nyingine, wakati jimbo la Haut-Lomami, tuliyokuwa nayo mkoa mmoja wa Katanga hadi 2015, ina udongo na mvua. Barabara ya kwenda Kamina, mji wake mkuu, ni mateso, reli imechakaa. Mkulima wa huko anavuna kidogo kwa kuwa hana wa kumuuzia, na mwanawe anapanda treni kuja kutafuta kazi kwetu.

Na hiyo asilimia 10, tuipime vizuri. Kifungu cha 175 kinayaachia majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa. Sheria ya migodi ya 2018 inalipa jimbo linalochimbwa asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, na miji na sekta zake (tawala za vijijini) asilimia 15. Mchimbaji anapakuliwa kwanza. Haut-Lomami, isiyo na migodi kama ya Kolwezi, itajenga barabara kwa mrabaha gani?

Hofu kwamba pesa itapotelea Kinshasa ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ninaikubali. Inadai ukaguzi mkali na hesabu zinazobandikwa hadharani kila mwaka. Haifuti hitaji lenyewe. Uchumi wetu ulikua zaidi ya asilimia 8 mwaka 2022 na 2023, na bado, kwa hesabu ya Benki ya Dunia, mwaka 2024 karibu robo tatu ya Wakongo waliishi chini ya dola 2.15 kwa siku. Watu hao ndio wangenunua bidhaa za viwanda vya Lubumbashi, kama wangekuwa na kitu mfukoni.