Msiitukane Teletaipu

Jana nimekesha na faili la majina ya wateja. Limetoka kwenye Windows, nimeliweka kwenye seva ya Linux. Nikilitazama jina, lipo. Programu ikilitafuta, halipo. Saa nane usiku ndipo nikaona: kila jina lina alama ya ^M mkiani, imeng'ang'ania kama kupe. Nikalia kwenye grupu letu, kijana mmoja akanijibu kwa madaha: "Ujinga wa wazee huo."

Ujinga wa nani?

Wazee hao walikuwa na kompyuta isiyo na kibodi wala skrini. Wakaazima mashine za kuchapa za watu wa telegrafu, yaani teletaipu. Chukua Teletype Model 33 ya 1963: herufi 10 kwa sekunde, kelele tupu. Kigari, kile kinachobeba kichwa cha kuchapa, kikifika ukingoni mwa karatasi hakirudi kwa kufumba na kufumbua. Safari yake inazidi muda wa herufi moja. Ukiharakisha, herufi inayofuata inagongwa katikati ya ukurasa, kigari kikiwa bado njiani. Basi kwanza unatuma amri ya kurudisha kigari, halafu ya kupandisha karatasi. Karatasi ikipanda, kigari nacho kinamalizia mwendo. Hiyo ^M, mdogo wangu, ni kigari kinarudi.

Na kufuta je? Data ilitobolewa kwenye ukanda wa karatasi, na tundu halizibiki. Ukikosea, unarudisha ukanda hatua moja, unabonyeza kitufe cha RUB OUT, mashine inatoboa matundu yote saba ya herufi ile. Ukanda ukisomwa, hapo panarukwa. Kila tundu ni moja katika hesabu ya kompyuta ya 0 na 1; saba zote zikiwa moja ni 127, na mpaka leo 127 kwenye ASCII, orodha ya namba za herufi za kompyuta, ni DEL, yaani futa. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu kama mwehu. Wanafuta kwa kuongeza matundu!



Haya, nakubali, shingo upande: watu wa Unix, mfumo ambao Linux imeufuata, wenye Model 33 hiyohiyo, waliona kumaliza mstari kwenye faili inatosha alama moja, ya pili iongezwe wakati wa kuchapa. Walipatia. Windows, inayoweka zote mbili, ilikuwa na muda wa kutosha kujifunza.

Faili nimelisafisha kwa programu ya dos2unix, sekunde moja. Kijana kimya. Afungue folda ya /dev kwenye Linux yake, azihesabu tty zilizojipanga mle, halafu aniambie ni kifupi cha nini.