Wasichana wakianguka shuleni, pepo aachwe kwanza, ratiba ikaguliwe

Habari hii haichakai. Mitihani ya taifa inakaribia, na kwenye shule fulani ya bweni wasichana wanaanza kuanguka. Mmoja anapiga ukelele prepo ya usiku, wa pili anashika kifua akisema hapati pumzi, na kufika asubuhi bweni zima limegeuka wodi. Huku nje tunagawanyika kama kawaida. Wapo wanaosema ni mapepo, aitwe mchungaji au shehe. Wapo wanaosema hao wanaigiza, wanakwepa mtihani, wachapwe viboko vichache uone kama hawatasimama. Ukizisikiliza vizuri kambi hizi mbili, zinakubaliana jambo moja kubwa: shule yenyewe haina la kujibu.

Nianze na wale wa viboko, kwa kuwa ndio hujiona wamesoma.

Msogelee msichana aliyeanguka umwangalie mkono. Mara nyingi kiganja kimepinda kwenye kifundo, kidole gumba kimezama ndani, na vidole vinne vilivyobaki vimenyooka na kubanana. Ukijaribu kuvifungua, havifunguki. Matroni akiona hivyo hana shaka tena kwamba pepo amemkunja. Kinachotokea ni hiki. Mtu mwenye hofu kali anapumua haraka haraka, anaitoa hewa ya kaboni dioksidi kuliko mwili unavyoizalisha. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, kiasi cha kalsiamu iliyo huru nacho hushuka, na neva zinazopeleka amri kwenye misuli zinakuwa nyepesi kushtuka. Midomo inakufa ganzi, ncha za vidole zinachomachoma, misuli ya mikono inakaza. Mishipa ya damu ya ubongo nayo inasinyaa, kizunguzungu kinaingia, macho yanaona giza. Binti anaona mwili wake unamfanyia mambo ambayo hakuyaagiza, hofu inazidi, anapumua kwa kasi zaidi. Akipata mtu mtulivu wa kukaa naye na kumwongoza ashushe pumzi pole pole, mkono hufunguka wenyewe baada ya dakika chache. Sasa niambie, nani amewahi kuigiza kushuka kwa kalsiamu?

Miguu ina habari yake. Mwezi Oktoba 2023, kwenye shule moja ya wasichana Kakamega, Kenya, makumi ya wanafunzi walishindwa kutembea sawasawa, na video zao zikazunguka kwenye simu za Afrika Mashariki nzima. Maoni yaliyoandikwa chini ya video hizo sitayarudia hapa. Madaktari wana kipimo cha zamani kwa hali kama hii, kilichoelezwa mwaka 1908 na daktari Mmarekani aliyeitwa Charles Hoover. Mgonjwa analala chali. Daktari anaweka kiganja chini ya kisigino cha mguu uliolegea, anamwambia mgonjwa ausukume chini. Hausukumi. Kisha anamwambia ainue ule mguu mwingine, mzima, na hapo kisigino cha mguu "uliokufa" kinakandamiza kiganja kwa nguvu. Mtu wa viboko atashangilia kwamba amemnasa mwongo. Madaktari wa neva wa leo wanakisoma tofauti: neva na misuli ni vizima, lakini amri ya makusudi haifiki, na mgonjwa hajui kwa nini. Baadhi yao humwonyesha mgonjwa kipimo hicho kama habari njema, aone kwa macho yake kwamba mguu haujafa.

Tuje kwetu, kwenye kisa maarufu kuliko vyote, kile cha Kashasha, karibu na Bukoba. Mitandao ya nje hupenda kukisimulia kama kichekesho: eti Watanganyika walicheka miezi mingi bila kupumzika. Walioandika habari yake mwaka 1963 walikuwa madaktari, Rankin wa Makerere na Philip aliyekuwa akifanya kazi Bukoba, na walichokiona hakichekeshi. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Ilipofika tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Shambulio liliweza kuisha kwa muda mfupi kisha likarudi, na kuna aliyehangaika nalo siku 16. Wengine walikuwa wakikimbia huku na huko wakisema kuna kitu kinawafukuza. Damu ilipimwa, chakula kikachunguzwa, hakuna kilichopatikana. Na kuna jambo ambalo wasimulizi wa vichekesho hulipita: hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Kama ingekuwa sumu kwenye unga au kirusi hewani, kingewabaguaje walimu na wanafunzi wanaoishi eneo moja?

Wasichana waliporudishwa makwao, hali ikaenda nao. Kijiji cha Nshamba, walikotoka baadhi yao, kilipata wagonjwa 217 mwezi Aprili na Mei, wengi wao vijana. Shule ilifunguliwa Mei 21, ikalazimika kufungwa tena mwishoni mwa Juni. Kwa hiyo wakuu wa shule wanaodhani dawa ni kuwapakia watoto kwenye basi wana mfano wa kuusoma, tena wa nyumbani.

Na asitokee mtu akasema haya ni mambo ya Waafrika. Mwaka 2011 mji mdogo wa Le Roy, jimbo la New York, ulipata wasichana wa sekondari waliokuwa wakirusha mikono na kutikisa vichwa bila kutaka. Huko hawakuita shehe, waliita wapima udongo na maji, na televisheni zikapiga kambi. Madaktari waliowatibu walisema ni msongo uliogeuka dalili za mwili, na kamera zilipoondoka wengi wao wakapata nafuu. Kila jamii ina pepo wake. Wa Marekani huitwa sumu ya kiwandani.

Kwa ndugu zangu wa maombi sina ugomvi. Sala tulivu, mtu mmoja kando ya kitanda, inaweza kutuliza pumzi kuliko sindano. Ninachokipinga ni kipaza sauti. Ukiwakusanya wasichana 300 uwanjani, ukamlaza aliyeanguka katikati, ukakemea kwa sauti huku wenzake wakitazama, usishangae wakianguka wengine kumi. Hali hii huambukiza kwa macho na masikio, na wewe umewapangia viti vya mbele.

Kwa nini wasichana, na kwa nini bweni? Jibu la "wanawake ni dhaifu" ni la uvivu. Angalia nani hana njia ya kusema. Mvulana akichoka anatoroka usiku, anapigana, siku nyingine tunasikia bweni limeungua. Msichana amefundwa tangu utotoni kunyamaza, kuvumilia, kutowaabisha wazazi. Hawezi kwenda ofisini kusema "mwalimu fulani ananitisha" au "sijalala wiki nzima". Mwili haukuwekewa adabu hiyo. Namna ya kuanguka nayo ameikuta tayari, kila mtu bwenini anajua mwenye mapepo anavyofanya.

Sisemi kila anayeanguka apewe jina la msongo na mambo yaishe. Kwanza apimwe. Homa ya uti wa mgongo, chakula kibovu, moshi wa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, vyote huangusha watu na vyote huua. Vipimo vikirudi safi, watengwe wawili wawili mahali tulivu, watazamaji waondolewe, simu ziwekwe mfukoni, na masomo ya wengine yaendelee.

Nawe mzazi ukipigiwa simu kwamba binti yako ameanguka, nenda. Kaa naye bila kumhoji kama askari. Ukitoka hapo pitia kwa mkuu wa shule, umwombe ratiba ya siku, si maelezo kuhusu mapepo. Muulize watoto wanaamka saa kumi kufanya nini, na wanalala saa ngapi. Muulize ni nani anaingia bwenini usiku, aliyeshindwa jaribio hufanywa nini, mwalimu wa malezi ni nani na ana vipindi vingapi vya hesabu juu ya kazi hiyo. Na muulize mara ya mwisho wasichana hawa walipoandika malalamiko yao kwenye karatasi, karatasi ile iko wapi.