26 kati ya 633: tuwalaumu walimu wa sheria?

Oktoba 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo kila mtu huiita Law School na ambayo mhitimu wa shahada ya sheria huipitia kabla ya kuwa wakili, yaliwasha moto Tanzania. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu masomo yote ni 26 tu. Wengine 342 walipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, na 265 wakadisko, yaani wakaondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, lakini mitandaoni hukumu ilikuwa imeshatoka: vyuo vikuu vinatuzalishia wanasheria wa makaratasi.

Hukumu hiyo ilikwenda haraka mno. Mwenye sapu hajatupwa nje, ana somo la kurudia. Hao 26 ni waliovuka kila kitu kwa mkupuo mmoja. Anayetaka kuvishitaki vyuo aanze na wale 265, na hata hapo ajiandae kujibu swali la upande wa pili, kwamba mtihani unaoangusha watu kiasi hicho nao unastahili kukaguliwa.

Bado wanaolalamika wana hoja. Kwa miaka mitatu au minne ya shahada, mwanafunzi wa sheria hujibu maswali yaliyokwisha kupangwa: huyu ni muuzaji, yule mnunuzi, mkataba huu hapa, jadili. Madesa ya mwaka jana yanatosha kumvusha. Halafu anakutana na mama aliyedhulumiwa kiwanja, mkononi ana risiti iliyofifia na barua ya mjumbe, na maelezo yake yanaanzia kwenye msiba wa shemeji. Kijana anajua vizuri kwamba ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12. Hajawahi kufundishwa kumuuliza mama huyo, kwa upole na bila kumkatisha, jirani alianza kujenga lini. Wala hana uhakika kama shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini wakati wa shahada, ingeziba pengo hilo, lakini wengi tunajua inavyokwenda: fotokopi, kupeleka mafaili, kumsubiri msimamizi wa chuo aje mara moja asaini kitabu cha kumbukumbu.

Upande wa vyuo nao una jibu zuri, tena zuri kuliko linavyosikika. Si kila anayesoma sheria anataka uwakili. Wapo wanaoishia benki, kwenye utumishi, kwenye magazeti, na kinachowalisha huko ni uwezo wa kusoma waraka mrefu na kuona ulipojificha mtego. Hati ya kiapo hawataandika maisha yao yote. Isitoshe, vitendo huchakaa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa pale haki itakapokihitaji. Aliyekariri mifano ya hati za Kiingereza ilimbidi ajifunze upya. Aliyeelewa hati ya madai inatakiwa kuonyesha nini alibadilisha lugha tu. (Vyuo vyenyewe, ajabu, vinaendelea kufundisha sheria kwa Kiingereza.)

Mimi nakubaliana na vyuo kuhusu nadharia, na sikubaliani navyo kuhusu wakati. Tazama udaktari. Chuo cha Muhimbili kiko ubavuni mwa hospitali, na mwanafunzi huingia wodini akiwa bado anasoma. Anamwona mgonjwa asubuhi, jioni anarudi kwenye kitabu akiwa na swali lake mwenyewe. Baada ya miaka mitano ya shahada hufanya mwaka mmoja wa mazoezi kazini, na mwaka huo humkuta ameshazoea wagonjwa. Kwenye sheria tumetenganisha: nadharia yote kwanza, vitendo vyote mwishoni, katika taasisi nyingine, kwa walimu wengine. Mwaka mmoja wa Law School unaombwa ufanye kazi ambayo ilipaswa kuanza mwaka wa pili wa shahada, katika vituo vya msaada wa kisheria ambako wenye kesi halisi wapo kila siku.

Kinachozuia ni hesabu zaidi ya ujinga. Mhadhiri hupanda cheo kwa makala alizochapisha. Saa alizokaa na wanafunzi wakimsikiliza mama wa kiwanja haziandikwi popote. Wakili anayempokea mwanafunzi wa fildi halipwi chochote na anapoteza muda wake wa kazi. Mtaala unaweza kuandikwa upya kila baada ya miaka mitano, lakini kama hawa wawili hawana faida yoyote ya kumfundisha kijana, fotokopi zitaendelea.