Tozo ya ufundi ifike Keko

Jijini Dar es Salaam, kutoka karakana za samani za Keko hadi chuo cha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, pale Chang'ombe unatembea kwa miguu. Lakini fedha za kuendeleza ufundi zinazofika Chang'ombe, Keko hazionekani.

Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa asilimia 3.5 ya jumla ya mishahara, yaani SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Hadi 2013 ilikuwa asilimia 6. Ikapunguzwa kidogo kidogo hadi kufikia hapo mwaka 2023. Waajiri wanataka ishuke zaidi, na siwaoni kuwa wachoyo. Inakuja juu ya michango ya hifadhi ya jamii, na mwenye kiwanda cha watu 9 anapiga hesabu mara mbili kabla ya kumchukua wa 10.

Kinachowauma zaidi ni matumizi yake. Theluthi moja ndiyo inayoelekezwa VETA. Mbili zilizobaki huwa Hazina, na zimekuwa zikisaidia mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Wanaotetea utaratibu huu wanasema daktari na mhandisi nao ni nguvu kazi, na mtoto wa Mbagala asiye na kitu asingefika chuoni bila mkopo. Ni kweli kabisa. Ila mikopo hiyo itafutiwe fungu lake, maana fundi hana mfuko mwingine.

Mimi ningezipeleka fedha kwenye uanagenzi, yaani kijana kujifunza kazi karakanani chini ya fundi, na kurasimisha ujuzi, ambako fundi wa mtaani hupimwa na kupewa cheti. Serikali imeshaanza kazi hiyo, ila ni ndogo ukilinganisha na vijana waliojaa Keko, Buguruni na Gerezani. Wanaopinga wana hoja nzito: chuo kina mtaala, mashine na mkaguzi, karakana haina daftari, na kijana anaweza kusukuma randa miaka mitatu, akabeba mbao na kufagia maranda, asifundishwe hata kuunga kabati. Nimewaona vijana wa namna hiyo, na inaniumiza.

Kwa hiyo fundi mkuu asilipwe kwa kuandikisha majina. Mwanzoni apewe sehemu ndogo ya fedha kwa ajili ya vifaa, na iliyobaki aipate siku mwanagenzi wake atakapofaulu jaribio la ufundi pale pale Chang'ombe.